Wazee wetu wanajua nyuki, lakini wanafunzi wanakimbia

BARUA

Wapendwa washauri,

Salamu kutoka Dagoretti. Mimi ni mratibu wa kikundi cha wafugaji nyuki saba, wote wazoefu. Mizinga yetu mingi iko upande wa Kibiko na kando ya msitu wa Ngong, na baadhi yetu walianza kurina asali kabla mimi sijaolewa. Mwaka huu tuliombwa tufundishe watu wazima: akina mama wa chama kimoja, vijana wa bodaboda na walimu wawili waliostaafu. Jumla walikuja 24.

Siku ya kwanza mzee wetu mkuu aliongea kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano na nusu. Alieleza yote, kutoka mizinga ya magogo ya zamani mpaka bei ya nta. Saa sita mchana akafungua mzinga wa KTBH, ule wa Kenya wenye mbao juu ambazo nyuki huning'iniza masega. Mavazi ya kujikinga yalikuwa sita tu, wengine wakasimama nyuma kidogo. Sega moja likakatika na kuanguka, nyuki wakatoka kwa hasira. Mama mmoja aliumwa usoni, kijana mmoja mgongoni mara kadhaa. Hakuna aliyelazwa, tunamshukuru Mungu. Jumamosi iliyofuata walirudi tisa.

Kuna jambo lingine. Mwanafunzi aliuliza asali huvunwa lini, akapata majibu matatu kwa wafugaji watatu, na kila mmoja akamkosoa mwenzake mbele ya darasa.

Nilipopendekeza tujifunze kwanza namna ya kufundisha, mzee alinijibu: "Mwanangu, mimi nilifundishwa na nani? Nilimfuata baba nikaona." Mimi ni mwanamke na ni mdogo wao kwa umri. Nawezaje kuwaandaa wazee hawa wawe walimu bila kuwavunjia heshima, na waandaliwe katika nini hasa?

Mratibu, Dagoretti

JIBU

Dada mratibu,

Tuanze na mzee, maana bila yeye mengine hayasimami. Swali lake lina jibu, na jibu lenyewe linampa heshima. Alifundishwa na baba yake, tena kwa miaka. Alibeba moshi, akashika ndoo, akaona mizinga ikifunguliwa msimu baada ya msimu kabla ya kukabidhiwa kisu. Wanafunzi wenu wana Jumamosi chache na shughuli za mjini zinawasubiri. Lazima mtu achague, katika yale ya miaka yote, machache yanayoweza kushikika mchana mmoja, na mwenye uwezo wa kuchagua ni yule aliyekwisha kuyafanya. Mwendee nyumbani, peke yako, kabla ya mkutano wowote. Mwambie kikundi kinataka kuandika namna yake ya kufungua mzinga, na unaomba aonyeshe yeye kwanza huku wengine wakitazama na kuandika. Maandalizi ya mwalimu huanzia hapo hapo.

Aliyezoea kazi haoni tena mikono yake inafanya nini. Muulize mfugaji yeyote mzuri jinsi ya kuangalia upande wa pili wa sega la KTBH, atakuambia unaligeuza tu. Sasa mtazameni akifanya. Anasimama nyuma au ubavuni mwa mzinga, haufuniki mlango kwa mwili wake. Anaanza na ubao wa mwisho usio na sega, anautoa ili apate nafasi. Anaubandua ubao unaofuata pande zote mbili kwa kile chuma bapa, kwa sababu gundi ya nyuki imeushika. Kabla ya kuinua anachungulia kama sega limeungana na ukuta wa mzinga, na kama limeungana anakata kwa kisu kutoka chini kwenda juu, maana kukata kwa kushuka kunalivuta sega libanduke kwenye ubao. Anainua wima, polepole, akishika ncha mbili za ubao, na muda wote sega liko juu ya mzinga ili malkia akidondoka adondokee ndani. Anapotaka kuona upande wa pili, anainua ncha moja mpaka ubao unasimama wima, anauzungusha nusu mzunguko, kisha anaendelea kuushusha mpaka ubao uko chini na sega liko juu yake. Katika mwendo wote huo sega halijalala hata mara moja.

Hapo ndipo siku yenu ya kwanza ilipoharibika. Sega la KTBH limening'inia kwenye ubao mmoja tu, halina waya wala fremu ya kulishika pande nne kama la mzinga wa sanduku wa Langstroth. Saa sita mchana nta imelainika kwa joto, na kama sega ni changa na limejaa asali, kulilaza kidogo tu linakatika shingoni. Anayefanya kazi na Langstroth kila siku huvunja masega ya KTBH kwa sababu hiyo hiyo: mikono yake imezoea fremu inayovumilia kulazwa. Mwanafunzi hawezi kuyajua haya kwa kutazama akiwa mita kumi nyuma bila wavu usoni.

Basi siku ya kwanza ya maandalizi iwe hivi. Wafugaji wenu saba, mzinga mtupu, hakuna mwanafunzi. Mmoja anafanya kazi ndogo moja: kuwasha bomba la moshi, kufungua mzinga, kugeuza sega, kukagua majana, yaani watoto wa nyuki. Wa pili anaandika kila kitu anachokiona. Wa tatu ana kazi ya kumkatiza: kila mkono unapofanya jambo ambalo mdomo haukulitaja, anauliza "kwa nini hivyo?" Orodha itarefuka kuliko walivyodhani. Kisha waweke alama penye hatari mbili pekee, mahali ambapo mgeni anaweza kuumia na mahali ambapo anaweza kuharibu kundi la nyuki. Hizo ndizo za kufundishwa kwanza. Bei ya nta na historia ya magogo zina siku yake.

Chukueni bomba la moshi kama kipimo. Mzoefu atasema "washa moshi." Mkiandika mtapata: karatasi kwanza, kisha magunzi makavu au kinyesi kikavu cha ng'ombe, vuvia mpaka ishike kweli, jaza, halafu weka majani mabichi juu ili moshi upoe. Jaribu kwenye kiganja chako. Moshi unaokuchoma unachoma pia mbawa za nyuki, na nyuki aliyechomwa hatulii. Vuvia mara tatu mlangoni, subiri dakika moja au mbili wajaze matumbo asali, ndipo ufunue kifuniko. Wanafunzi wengi huvuvia na kufungua papo hapo, wanaumwa, halafu wanasema moshi haufanyi kazi. Kibaya zaidi ni moshi kuzimika mzinga ukiwa wazi. Kwa hiyo mwalimu asiruhusu mtu asogelee mizinga mpaka bomba lake limewaka kwa dakika kumi bila kuvuviwa tena na tena.

Baada ya kuchambua kazi, kuna namna ya kuionyesha. Kazi moja ifanywe mara nne. Mara ya kwanza mwalimu anaifanya kwa mwendo wake wa kawaida, kimya kabisa. Mara ya pili polepole, akieleza kila hatua na sababu yake. Mara ya tatu mwanafunzi ndiye anayesema hatua, na mwalimu anafanya lile tu alilotajiwa. Mwanafunzi akiruka hatua, mwalimu anasimama na kungoja. Mara ya nne mwanafunzi anafanya na kusema mwenyewe. Wazee wengi wataona mara ya tatu inapoteza wakati. Msikubali iachwe. Hapo ndipo mwalimu anapogundua mwanafunzi alisikia nini, na anagundua kabla mzinga wenye nyuki haujafunguliwa.

Kwa mazoezi, kateni kadibodi umbo la sega, ining'inizeni chini ya ubao kwa utepe mwembamba wa karatasi, fungeni kifuko cha mchanga wa kilo moja chini yake. Atakayeulaza ubao, kadibodi itachanika na kuanguka, na hakuna nyuki atakayekasirika. Kila mwanafunzi aligeuze mara tano bila kuliangusha.

Siku ya pili ya maandalizi, kila mfugaji afundishe wenzake kitu kimoja kwa dakika kumi, bado kwenye mzinga mtupu. Mtu mmoja awe mtazamaji, mwenye saa na karatasi, na aandike mambo mawili: mwalimu aliongea dakika ngapi, na ni wangapi walioshika kifaa kwa mikono yao. Hesabu haimtukani mtu, na mzee anayeambiwa aliongea dakika tisa kati ya kumi, na aliyeshika kifaa ni mmoja, ataelewa bila kuhutubiwa. Maoni yatolewe wawili wawili, pembeni. Mwalimu aseme kwanza yeye mwenyewe alionaje, kisha mtazamaji ataje jambo moja la kuendelea nalo na moja la kubadilisha. Mkitaja matano hakuna litakalobadilika. Watu saba, dakika kumi za somo na kumi za maoni, ni saa mbili na dakika ishirini. Zinatosha kwa siku.

Hapo mtaona pia nani ni mwalimu na nani si mwalimu. Mwenye mizinga mingi zaidi si lazima awe yeye. Mtafuteni anayefanya polepole bila kuona haya, anayeweza kukaa kimya wakati mwanafunzi anahangaika, na anayesema "hilo silijui" pasipo kutafuta pa kukimbilia. Ambao hawafai kusimama na kikundi bado wana nafasi kubwa: mmoja ashike moshi, mwingine awatembeze watu kuwaonyesha miti. Mzee wa magogo anayejua mukinduri, migunga na mikaratusi huchanua lini upande wa Ngong ana somo ambalo wengine sita hawawezi kulitoa.

Sasa usalama, na hapa tunakuomba uwe mkali hata mbele ya wazee. Nyuki wetu wa nyanda hizi hulinda mzinga kwa nguvu, na wakishavurugwa huandama mtu mamia ya mita. Mavazi sita maana yake ni wanafunzi wanne, mwalimu mmoja na mshika moshi mmoja. Wanafunzi 24 ni makundi sita, na hayafungui mzinga siku moja. Wanaosubiri wawe mbali kabisa, wakigonga fremu, wakiyeyusha nta au wakifanya zoezi la kadibodi. Asiyevaa asitazame kwa karibu, hata akiwa mwenyekiti wa chama.

Badilisheni saa. Anzeni saa nane na nusu mchana na mizinga mitupu, mfungue wenye nyuki saa kumi na moja jioni. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo nyuki waliovurugwa wanarudi ndani usiku unapoingia badala ya kuzunguka kijijini mchana mzima. Msifungue siku ya mvua, wala katika ile baridi ya Julai. Fungueni wakati maua yapo. Kundi lenye njaa lina hasira zaidi. Mzinga mmoja usikae wazi zaidi ya dakika ishirini. Nyuki wakianza kugonga wavu mfululizo, somo limekwisha, fungeni. Mwalimu anayefunga mzinga mapema mbele ya wanafunzi amewafundisha jambo kubwa.

Kabla ya kufungua, mtu azunguke majirani. Mbuzi, mbwa au punda aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia, na ndio wanaokufa. Watu wakaguane wawili wawili: zipu ya shingoni imefungwa mpaka mwisho, suruali imeingia ndani ya gambuti, hakuna manukato wala nguo nyeusi ya sufu. Mahali pa kuvulia mavazi pawe mbali na mizinga, nyuma ya miti, na hakuna anayefungua wavu mpaka mwenzake ahakikishe mgongoni hakuna nyuki.

Kila mwalimu wenu ajue kwa kichwa la kufanya mtu akiumwa. Mwiba ukwanguliwe mara moja, kwa ukucha au chochote kilicho mkononi, kwa sababu kifuko chake kinaendelea kusukuma sumu; kuchelewa kutafuta kifaa kizuri ni kubaya kuliko kuutoa vibaya. Vuvieni moshi pale palipoumwa, maana mwiba huacha harufu inayofanana na ndizi mbivu na harufu hiyo huwaita nyuki wengine. Kisha mtu aondoke kwa kutembea, bila kupunga mikono. Uvimbe mahali palipoumwa ni kawaida. Upele wa mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, kukoroma kifuani, kutapika au kizunguzungu ni hatari ya kifo. Dawa yake ni sindano ya adrenalini pajani na hospitali mara moja. Vidonge vya mzio havitoshi. Piga 999 au 112, lakini gari liwe limeegeshwa tayari na dereva awepo, mkijua hospitali iliyo karibu na njia ya kufika. Aliyeumwa mara nyingi sana apelekwe pia, hata kama hana mzio. Wakati wa kujiandikisha, muulizeni kila mtu kama amewahi kuvimba mwili mzima baada ya kuumwa na mdudu. Aliyewahi amwone daktari kwanza.

Kuhusu majibu matatu ya swali moja: kaeni siku ya tatu muandike ukurasa mmoja wa yale kikundi kinayokubali. Mengine yana vipimo na hayahitaji mjadala. Asali huvunwa sega likiwa limefunikwa na nyuki kwa nta angalau robo tatu, na unyevu wake usizidi asilimia 20, la sivyo huchacha. Ubao wa juu wa KTBH una upana wa milimita 32. Wanafunzi watu wazima hukimbilia kuchongesha mizinga kwa fundi, na fundi akikata 35 kwa kuona tofauti ni ndogo, nyuki wetu hujenga masega kwa kukingama kutoka ubao hadi ubao na mzinga haufunguki tena bila kuvunja. Mwalimu abebe ubao mmoja sahihi kila darasa, watu waupime wenyewe kwa rula.

Mengine yanategemea mahali, na hapo wafugaji wawili wanaweza kutofautiana wote wakiwa sahihi. Mwenye mizinga Kibiko na mwenye mizinga karibu na kahawa za Kiambu hawavuni mwezi mmoja, kwa kuwa maua yao hayaji pamoja. Sheria iwe moja: hakuna kumkosoa mwenzako mbele ya wanafunzi. Anayetofautiana aseme, "Kwangu nafanya hivi, na sababu ni hii." Mwanafunzi mtu mzima anaweza kubeba majibu mawili yakija na sababu zake, anachoshindwa kubeba ni walimu wanaogombana.

Kuna eneo moja ambalo hata wazee wenu watahitaji kujifunza upya, nalo ni magonjwa na wadudu. Utitiri wa Varroa uliripotiwa Kenya mwaka 2009, kwa hiyo aliyefunzwa na baba yake hakuwahi kuusikia. Wanafunzi watauliza, kwa sababu wameona video za Ulaya zinazoonyesha dawa. Makundi yetu kwa kawaida huishi na utitiri huo bila dawa, na kuweka kemikali ovyo kunachafua nta na asali. Chuo cha taifa cha ufugaji nyuki kiko Lenana, si mbali na kwenu, na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, iko Kasarani. Ombeni mtaalamu awaongezee hilo kikundi kizima, wazee na vijana pamoja.

Mambo mawili ya pesa mapema. Nauli na posho ya walimu ijulikane kabla ya Jumamosi ya kwanza. Na mwalimu asiuze mizinga wala makundi ya nyuki kwa wanafunzi katika masomo manne ya mwanzo. Mtu mzima aliyenunua mzinga siku ya kwanza huanza kuuliza faida kabla hajajua kuwasha moshi, na mwalimu muuzaji huona vigumu kumwambia shamba lake halifai.

Darasani kwenyewe, mwalimu afungue kwa kuuliza kila mtu amekuja kutafuta nini. Mama wa chama anayetaka asali ya kuuza, kijana anayetaka kazi ya kuhamisha nyuki kwenye mapaa na mwalimu mstaafu mwenye robo eka Rongai hawahitaji somo moja. Maelezo ya kukaa yasizidi dakika ishirini kwa mkupuo. Msitegemee maandishi, si wote watakaosoma kwa urahisi mbele ya wenzao, na hakuna haja ya kuwafichua. Siku za kukua tangu yai mpaka nyuki kamili, 16 za malkia, 21 za mtenda kazi na 24 za dume, zichorwe kwa mahindi na maharage juu ya kitambaa, kila mmoja apange mwenyewe.

Na wale 15 ambao hawakurudi, uwapigie simu mmoja mmoja, ukianza na mama aliyeumwa usoni. Muulize kama alivimba usoni tu au mwili mzima, na kama ni mwili mzima aende kwa daktari kabla ya kusogelea mizinga tena. Wengine waambie saa imebadilika, kundi ni la watu wanne, kila mmoja ana vazi lake, na Jumamosi yao ya kwanza haina nyuki hata mmoja.